Dying Light kwa anayeanza: okota kwanza, pigana baadaye

Jioni, kama umeme upo, vyumba vya michezo ya video vya hapa Butembo vinajaa vijana. Wengi wanakuja juu ya mpira. Lakini pembeni, kwenye televizheni moja au mbili, kuna wale wanaocheza michezo ya mapambano, na wao ndio tunaosikia wakilalamika zaidi: “Nimelipia saa moja, nimekufa mara kumi, saa imeisha na sijafika popote.”

Ili kuelewa, nilienda na miye kuketi kwenye benchi. Mchezo waliokuwa wanacheza unaitwa Dying Light. Mwenye chumba alinifungulia mahali ambapo hadithi imekwisha kuanza, akanipa manete. Nikaokota mguu wa meza, nikashuka barabarani, nikaanza kupiga kila zombi aliyepita. Wa kwanza alianguka, wa pili pia. Kisha wakafika sita, mikono ya mtu wangu ikawa mizito, mguu wa meza ukaharibika, nikafa. Haikupita hata dakika tano.

Kijana aliyekuwa anangoja zamu yake akacheka, akaniambia: “Yaya, weye unapiganaga sana. Okota bintu kwanza. Kupigana ni ya mwisho.”

Maneno hayo ndiyo yanayobeba mchezo mzima. Tuyafungue kidogo kidogo.

Mchezo wenyewe ni upi?

Dying Light ulitoka mwaka 2015. Uliundwa na kampuni Techland ya Poland, ambayo mwaka 2011 ilikuwa imetoa mchezo mwingine wa mazombi, Dead Island. Sehemu ya pili ya Dying Light ilifuata mwaka 2022, lakini hapa tunazungumza juu ya ile ya kwanza.

Hadithi inapita katika mji wa kubuniwa unaoitwa Harran. Ugonjwa umeingia mjini, walioambukizwa wamegeuka mazombi, na mji umefungwa: hakuna anayetoka. Wewe ni Kyle Crane, mtu aliyetumwa na shirika la msaada linaloitwa GRE. Unashuka kwa parachuti, na mara tu unapofika unaumwa na zombi. Kuanzia hapo unahitaji dawa inayoitwa Antizin ili usigeuke. Watu walio hai wamekimbilia katika jengo refu linaloitwa Tower. Upande mwingine kuna mtu anayeitwa Rais, mkubwa wa wanamgambo, ambaye watu wake wanakamata misaada inayodondoshwa na ndege.

Unaona kila kitu kwa macho ya Crane mwenyewe. Mbele yako ni mikono yake na silaha aliyoshika. Bunduki zipo, lakini si za mwanzo. Kwa muda mrefu unapigana na ulicho nacho: bomba, ubao, nyundo, panga.

Shauri la kwanza ni la lugha: kama Kiingereza kinakusumbua, ingia kwenye mipangilio uchague Kifaransa. Wengi wanakufa kwa sababu hawakusoma maelezo. Shauri la pili ni la vidole: katika manete ya PlayStation, kuruka kunafanyika kwa R1, na kupiga kwa R2. Aliyezoea kurukia kitufe cha X anachanganyikiwa. Tumia dakika chache ndani ya Tower, mahali salama, kuzoea vidole kabla ya kushuka chini.

Kuokota ni kazi, si mchezo wa kupitisha muda

Anayeanza anapita mbele ya kabati, jokofu, sanduku na mfuko wa takataka bila kuvifungua, juu anataka kufika haraka kwenye vita. Hapo ndipo anapoteza. Harran haina mahali pa kupewa kila kitu bure. Unachookota asubuhi ndicho kinakuokoa jioni.

Kuna kitufe cha kuamsha hisia za Crane. Ukikibonyeza, vitu vinavyoweza kuokotwa karibu nawe vinawaka kwa muda mfupi. Kila unapoingia chumba, bonyeza, tazama, kisha ndipo usogee. Usisahau na maiti, nayo ina vitu mifukoni. Lakini kupekua kunachukua muda na mikono yako haiko huru, kwa hiyo tazama nyuma yako kabla ya kuinama.

Vitu gani vina maana zaidi mwanzoni?

Bandeji na alkoli. Vikichanganywa vinatoa dawa ya kujitibu. Usiingie barabarani bila dawa hizo, hata kama unatumwa karibu.

Vipande vya chuma. Hivyo vinatengeneza silaha iliyochoka, na vinatengeneza pia vijiti vya kufungulia kufuli. Mtu mwenye chuma kingi mfukoni ana maisha marefu.

Vitu vya kuuza. Kahawa na sigara havimponyi mtu katika mchezo huu, lakini wafanyabiashara wa ndani ya mchezo wanavinunua. Usivitupe.

Fataki. Ukitupa fataki, mazombi yanafuata kelele. Wewe unapita upande mwingine. Kitu kidogo, bei rahisi, na kinakuepusha vita nzima.

Silaha mbovu usiibebe bure wala usiitupe. Ivunje ndani ya mfuko wako, itakupa vipande vya chuma. Ile nzuri usiyoihitaji leo, iweke katika stoo yako kwenye nyumba salama, maana nafasi ya mfuko wa mgongoni ni ndogo mwanzoni.

Kufuli halifunguliwi kwa hasira

Masanduku na magari mengi yamefungwa. Hapo unatumia kijiti. Fimbo moja ya manete inasogeza kijiti ndani ya kufuli, nyingine inazungusha kufuli lenyewe. Jaribu kuzungusha kidogo tu. Kama kufuli linakataa na kijiti kinatetemeka, acha mara moja, sogeza kijiti kidogo, jaribu tena. Mahali sahihi, kufuli linazunguka mbali zaidi. Anayelazimisha anavunja vijiti vitano kwa sanduku moja.

Magari ya polisi yana vitu vizuri, lakini magari yana ving’ora. King’ora kikilia, mtaa wote unakuja. Kabla ya kugusa gari, jua utakimbilia wapi.

Silaha inaisha kama kiatu

Hili ndilo sikulijua siku ya kwanza. Kila pigo linapunguza nguvu ya silaha yako. Ikiharibika, unapiga lakini zombi hasikii kitu. Unaweza kuitengeneza kwa vipande vya chuma, lakini kila silaha ina idadi ya matengenezo. Idadi hiyo ikiisha, kwaheri.

Kwa hiyo, panga zuri usilitumie kwa zombi mmoja anayetembea polepole. Kwa huyo, ubao unatosha. Panga zuri lingojee siku mbaya. Ukiona rangi kwenye jina la silaha, jua inaonyesha ubora: nyeupe ni ya kawaida, halafu kijani, bluu, zambarau na rangi ya chungwa. Silaha nyingine zina nafasi ya kuongezewa kitu, na ukiwa na ramani ya kuitengeneza unaweza kuitia umeme, moto au sumu. Hayo yanakuja baadaye. Mwanzoni, beba silaha mbili tatu za kawaida na uzitengeneze kabla hazijaharibika kabisa katikati ya vita.

Kupiga bila kuchoka

Kwenye televizheni kuna mstari wa pumzi. Kila pigo linakula pumzi, na silaha nzito inakula zaidi. Pumzi ikiisha, mikono inalegea, na zombi anakushika. Ndiyo maana anayebonyeza R2 bila kuacha ndiye anayekufa kwanza.

Fanya hivi: piga mara mbili, rudi nyuma hatua mbili tatu, ngoja mstari ujae, rudi. Lenga kichwa ili amalize haraka, au miguu ili aanguke na wewe upite. Pigo la tumboni ni kupoteza pumzi na silaha.

Teke ni rafiki wa maskini, juu haliharibu silaha. Ukiona miiba ya chuma kwenye ukuta, msukume zombi kwa teke akutane nayo, kazi imekwisha. Na ukishikwa, usitetemeke: bonyeza haraka haraka kitufe kinachoonyeshwa kwenye televizheni, utajitoa.

Tafuta urefu. Mazombi ya kawaida hayapandi juu, kwa hiyo paa la gari linakupa nafasi ya kupumua na kufikiri. Lakini wapo wengine walioambukizwa karibuni, wanaitwa Virals: wanakimbia, wanapanda, wanakwepa mapigo, na wanakuja wakisikia kelele. Hao usiwakimbilie. Wangoje mahali pembamba, mlangoni kwa mfano, waje mmoja mmoja. Na yule mwenye tumbo lililovimba, usimkaribie kabisa, analipuka. Mtupie kitu kutoka mbali.

Sasa unaelewa kwa nini bunduki si zawadi kwa anayeanza. Risasi moja inawaita Virals wa mtaa mzima.

Usiku ni mchezo mwingine

Jua likizama wanatoka Volatiles. Wanaona mbali, wanakimbia kukushinda, na kwa silaha za mwanzo huwezi kupigana nao. Wanachoogopa ni mwanga maalum wa zambarau, na nyumba salama zina taa za mwanga huo. Usiku unapata pointi mara mbili, ndiyo, lakini mgeni asipumbazwe na hiyo. Lala katika nyumba salama hadi asubuhi. Kila nyumba salama mpya unayoifungua ni kitanda kingine karibu nawe, kwa hiyo zifungue mapema, mchana.

Pointi zenyewe ni za aina tatu: unapopigana unapata za nguvu, unaporuka na kukimbia juu ya mapaa unapata za wepesi, na unapofanya kazi za watu unapata za kuishi. Kwa hiyo hata siku ambayo hukuua zombi hata mmoja, umesonga mbele.

Na neno “kupora”?

Papa mmoja aliniuliza mbele ya chumba hicho: “Sasa munafundisha batoto kupora?” Swali lake si la kuchekesha. Wazazi wetu wanakumbuka mwaka 1991 na 1993, wakati askari wa Zaire wasioridhika na mishahara walipomwaga maduka na nyumba za watu. Na mahali petu hapa, kuna familia ambazo neno hilo si historia.

Nilimjibu nilichokiona. Katika mchezo, kuokota katika nyumba zilizoachwa ni njia ya kuishi. Ubaya umewekwa mahali pengine: kwa watu wa Rais, wanaokimbilia msaada ulioanguka kutoka ndege, wakaushika, na wagonjwa wa Tower wakabaki bila dawa. Tena mwanzoni Crane anaamriwa na wakubwa wake kuchoma dawa aliyoipata, kisha anarudi kwa wagonjwa na kuwadanganya kwamba haikuwepo. Pale kwenye benchi, kijana aliyekuwa anacheza alinyamaza kidogo. Kisha akasema: “Hiyo haiko muzuri.” Mchezo haukumpa njia nyingine, lakini yeye alijua.

Hata hivyo papa ana haki kwa jambo moja. Mchezo huu, kwa mpango wa Ulaya wa kupanga umri, ni wa miaka 18 na zaidi. Kuna damu nyingi na viungo vinakatika. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kuketi mbele yake, hata kama amelipa. Wenye vyumba, televizheni hiyo igeuzwe isiangalie mlango. Wazazi, ingieni mtazame. Kuuliza ni bure.

Kabla ya kulipia saa yako

Mwombe mwenye chumba akufungulie konti yako katika mashine. Usipofanya hivyo, mwenzako anaweza kuendelea na mchezo wako, akauza vitu vyako, au akaanza upya. Hapo umepoteza siku zako zote.

Ukiwa na saa moja tu, igawe. Sehemu kubwa iwe ya kuokota na kufanya kazi moja, siyo tatu. Mchezo unajihifadhi wenyewe, lakini umeme wetu unaujua: unaweza kukatika bila kukuaga. Zikibaki dakika kumi, acha vita, rudi kwenye nyumba salama, weka vitu vizuri stoo, tengeneza silaha, ulale.

Mara ya pili nilipokwenda, nilicheza saa nzima nikafa mara mbili tu. Niliua mazombi machache sana. Lakini nilirudi na bandeji tisa, chuma cha kutosha, na bomba ambalo bado lilikuwa zima. Yule kijana alichungulia mfuko wangu, akachukua manete, akasema: “Sasa yaya, unaweza anza.”