Kuzima Matangazo Yanayojitokeza Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Si kila tangazo linalojitokeza kwenye kompyuta huletwa na virusi. Mengine yamo ndani ya mfumo wenyewe. Mengine hutoka kwenye tovuti ambazo mtumiaji aliziruhusu kutuma arifa pasipo kutambua.

Katika Windows 11, fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Arifa. Chini ya ukurasa, fungua mipangilio ya ziada na uondoe alama ya vema kwenye vidokezo na mapendekezo. Katika sehemu ya Faragha na Usalama, zima kitambulisho cha matangazo. Hatua hii haipunguzi idadi ya matangazo, bali huzuia programu kuyalenga kwa kufuatilia mienendo yako.

Katika kivinjari cha Chrome, fungua Mipangilio, Faragha na Usalama, Mipangilio ya Tovuti, kisha Arifa. Ondoa kila tovuti usiyoitambua.

Onyo likidai kompyuta imeambukizwa na kukutaka upige simu, usipige wala usilipe: maonyo halisi ya Microsoft hayabebi namba ya simu. Funga kivinjari. Iwapo umekwisha kutoa taarifa za benki, ijulishe benki yako mara moja na ubadilishe nywila.