Kamera ya video ya gizani: Usichague kwa macho ya mchana

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MVUVI wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huusubiri usiku usio na mwezi. Mbalamwezi inapong'aa, nguvu ya taa zake hupungua na dagaa hawakusanyiki. Giza linaporejea, mitumbwi hutoka Kibirizi na Katonga ikiwa na karabai, au taa za betri ambazo katika miaka ya karibuni zimechukua nafasi ya karabai nyingi.

Kwa mpiga picha za video, saa hiyo ya neema kwa mvuvi ndiyo saa ngumu kuliko zote. Shida ni ileile kwa anayepiga picha za harusi usiku katika nyua za Ujiji zenye balbu chache. Wavu ukishapandishwa haushushwi tena kwa ajili ya kamera, na bibi harusi haingii mara mbili. Picha ikitoka nyeusi au imejaa chenga, kazi imepotea pamoja na malipo yake.

Je, ni kamera ipi inayofaa kwa kazi ya namna hiyo? Jambo la kwanza la kutazama ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Ni sawa na kukinga mvua: beseni hupata maji mengi kuliko kikombe, ingawa mvua ni moja. Kihisi cha aina ya inchi 1 kina eneo linalozidi mara 10 lile la kihisi cha robo inchi kilichozoeleka katika kamera nyingi ndogo za mkononi.

Wingi wa megapikseli si kipimo cha uwezo wa kuona gizani. Kamera ya Sony Alpha 7S, iliyotoka mwaka 2014, ilisifika kwa kupiga gizani ilhali ilikuwa na megapikseli 12 tu. Siri yake ilikuwa kihisi kikubwa, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35, kilichogawanywa katika pikseli chache na pana.

Jambo la pili ni tundu la lenzi, ambalo huandikwa kwa namba kama f/1.8 au f/2.8. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa pana. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara 2 ya ile ya f/2.8. Hata hivyo, katika kamera nyingi tundu hilo hupungua unapovuta picha ya mbali. Lenzi inayoanza na f/1.8 ikifika f/3.6 hubakiwa na robo tu ya mwanga. Kwa hiyo, usiku ni heri kumsogelea mvuvi kuliko kumvuta kwa lenzi.

Tatu, soma kwa tahadhari kipimo cha luksi kinachotajwa kwenye boksi. Mshumaa mmoja, ukiwa umbali wa mita 1, hutoa takriban luksi 1, na mwezi mpevu hata haufikishi hapo. Mtengenezaji anaweza kutangaza luksi ndogo kwa sababu alipima shata ikiwa ya polepole na geini ikiwa juu kabisa. Geini hukuza umeme wa picha bila kuongeza mwanga, na hukuza chenga pia. Shata ya polepole nayo huwafanya dagaa wanaorukaruka waonekane kama michirizi.

Zipo kamera zenye hali ya usiku inayotumia infraredi, kama ile ya NightShot ya Sony. Hizo huona hata penye giza totoro, lakini kwa mita chache tu, na picha huwa ya kijani au kijivu. Hufaa kwa ulinzi au kumchunguza mnyama wa usiku. Kwa vazi la bibi harusi au mng'ao wa dagaa hazifai.

Aidha, hakikisha kamera inaruhusu kurekebisha mwanga, fokasi na rangi nyeupe kwa mkono. Ikiachiwa ijiongoze yenyewe, huona weusi wa ziwa na kupandisha geini, taa ikaungua kuwa doa jeupe. Ikielekezwa kwenye taa, nyuso za wavuvi huzama gizani. Fokasi ya kujiendesha nayo hutangatanga penye giza.

Kwa wanaonunua kamera zilizotumika, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au Japani nyingi hupiga fremu 30 au 60 kwa sekunde. Chini ya baadhi ya taa za umeme wetu wa hezi 50, picha inaweza kupepesa. Chagua inayokubali fremu 25 au 50. Mulika pia lenzi kwa tochi ili kuona kama ina ukungu wa fangasi, kwani nao hufifisha picha.

Maduka mengi ya Kariakoo yanawaka taa kutwa, na humo kila kamera huonekana nzuri. Muombe muuzaji azime taa, piga uso wa mtu aliyesimama kando ya kitambaa cheusi, kisha tazama picha hiyo kwenye televisheni, si kwenye kioo kidogo cha kamera. Toka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200, na kurudisha kamera isiyofaa ni gharama nyingine.

Fedha isipotosha kwa kamera bora, ongeza mwanga. Taa ndogo ya betri, ikielekezwa pembeni kwa ridhaa ya wenye shughuli, huweza kuiokoa kamera ya kawaida.