Mfarishi wa Mitumba Unaponuka Moshi na Uvundo

Akina mama wanaoshona mifarishi kwa mashuka, mapazia na mashati ya mitumba wana kilio kimoja: kitambaa ni kizuri, bei ni nafuu, lakini kinanuka. Wengi huiona kuwa aibu tu mbele ya wageni. Kwa daktari, harufu hiyo hueleza kilichojificha ndani ya nyuzi, na mfarishi ni kitu ambacho mtu hujifunika hadi puani usiku kucha.

Harufu hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni moshi. Chembe za moshi wa kuni au sigara ni ndogo mno, nazo hubeba mafuta mazito kama lami ambayo hunata kwenye pamba. Ya pili ni uvundo, ile harufu ya sanduku lililofungwa na unyevu ndani. Hiyo hutoka kwa kuvu. Robota likipata unyevu safarini au ghalani, kuvu huota, na mbegu zake zikivutwa puani humfanya mwenye pumu akohoe, apige chafya na kukosa pumzi.

Huku Nuu, katika Kaunti ya Kitui, moshi wa jikoni ndio mkubwa kuliko wa robota. Nguo iliyofuliwa vyema ikitundikwa kwenye kamba juu ya mafiga, haichukui siku nyingi kabla ya kunuka upya. Na moshi unaoingia kwenye nguo huingia pia mapafuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hivyo kabla ya kununua sabuni, hamisha kamba.

Maji nayo ni taabu. Wakati wa kiangazi punda hupelekwa mbali kwenye visima vya mchangani, na itakuwa dhihaka kumwambia mama wa Nuu asuuze kitambaa mara tano. Bahati nzuri, dawa ya kwanza haihitaji maji. Funga leso puani, kung'uta kitambaa nje mbali na watoto, kisha kianike juani na penye upepo siku mbili, ukikigeuza. Jua hukausha kuvu, na upepo huondoa sehemu kubwa ya harufu. Cha rangi kali kianike upande wa ndani ukitazama juu, kisije kikapauka.

Baada ya hapo kiloweke usiku mmoja katika maji ya sabuni, ya moto ikiwa ni pamba. Kifue, kisha mwishoni kisuuze kwa maji yaliyotiwa siki nyeupe, kikombe kimoja kwa lita kumi. Siki hupunguza harufu, na yenyewe haibaki ikinuka kitambaa kikishakauka. Maji hayo ya mwisho usiyamwage. Yatumie kulowekea kitambaa kinachofuata. Usipige pasi kabla ya kufua, maana joto hugandisha madoa ya moshi. Anika asubuhi ili kikauke siku hiyo hiyo. Kikilala na unyevu, kuvu hurudi.

Onyo moja ni kubwa. Kamwe usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo kama Jik. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma koo na mapafu, hasa katika chumba kidogo.

Ajuza mmoja aliniuliza, "Daktari, si vile vidonge vyeupe vya nondo vinatosha?"

"Hapana, mwaitu," nikamjibu. "Vile huficha harufu kwa sumu."

Vidonge vya aina hiyo vyenye naftalini vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika sehemu zenye malaria. Mtoto mchanga aliyefunikwa mfarishi uliohifadhiwa hivyo anaweza kupata manjano na kupungukiwa na damu. Manukato ya kupuliza siyapendi pia: harufu mbili huwa tatu, na mwenye pumu huumia zaidi.

Kitambaa chenye madoa meusi ya kuvu yasiyotoka baada ya kufuliwa mara mbili usikishone, hata kiwe cha maua mazuri namna gani. Na ikiwa mtoto anakohoa kila usiku akijifunika mfarishi fulani, uondoe kitandani kwanza, kisha umpeleke zahanati. Akipumua kwa kasi, mbavu zikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, usingoje mfarishi ukauke. Mpeleke saa hiyo hiyo.