Vifuniko Vingapi vya Mafuta ya Taa?

Swali lenyewe huja kwa adabu, aghalabu baada ya salamu ndefu na "waitu" mbili tatu, na kwa kuwa huja kwa adabu nimelivumilia miaka yote ya kazi yangu ya kupiga rangi magari. Lakini Jumamosi iliyopita, bwana mmoja wa Maruku aliyeniletea Noah yake nyeusi aliponiuliza, mbele ya vijana ninaowafundisha, ni vifuniko vingapi vya mafuta ya taa vitoshavyo ndoo moja ya maji ili gari likikauka ling'are pasi na doa, subira yangu ilifika kikomo. Jibu ni hakuna hata kimoja.

Asili ya itikadi hii naijua. Mafuta ya taa huyeyusha lami, na dereva aliyepita penye barabara mpya akarudi na madoa meusi ubavuni mwa gari, akayapangusa kwa mafuta hayo na kuyaona yametoka, alijihesabu fundi tangu siku ile. Hoja ikazaa hoja: kitoacho lami kitatoa vumbi, kitoacho vumbi kitaleta mng'ao, kiletacho mng'ao kitazuia kutu. Walakini mafuta hayachanganyiki na maji. Huelea juu ya ndoo, na kitambaa kichovywapo huyabeba karibu yote kwa mara ya kwanza, boneti ikapakwa mafuta ilhali milango ya nyuma haipati ila maji matupu. Mng'ao uonekanao ni utando tu, mfano wa uso uliopakwa mafuta ya nazi, nao humeta mpaka lipite lori la kwanza, kwa maana vumbi jekundu la kiangazi chetu cha Julai hunata juu yake kama lililoalikwa. Juu ya hayo, mafuta huiondoa nta iliyokuwa ikiilinda rangi, na mipira ya milango na vioo iyanywapo mara kwa mara huvimba na kulegea hata ikapitisha maji; nasi tupatao karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka hatuna haja ya kuikaribisha ndani ya gari. Ama kutu, mafuta yakishapaa hewani huacha kinga gani? Na dizeli, maana najua ndilo swali linalofuata, ni mbaya zaidi, kwa kuwa hukawia kupaa.

Nilimwita bwana yule asogee, nikawasha tochi karibu na boneti. Mikwaruzo ilijitokeza kama utando wa buibui, duara ndani ya duara, ikifuata mzunguko wa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa kazi ya mchanga ulioshikwa na yale mafuta, ukasuguliwa kwa fulana kuukuu. Mchanga utokao katika miamba yetu ya Bukoba una chembe ngumu ziwezazo kukwaruza hata kioo, na ile vanishi angavu iliyo juu ya rangi haifikii unene wa unywele mmoja. Alinyamaza kitambo, akaondoa kidole chake juu ya boneti taratibu, kana kwamba inauma.

Doa analolichukia si uchafu uliosalia. Ni chokaa na chumvi ambazo maji huziacha yakaukapo, na kwa hiyo siri yote ni kutoyaacha yakauke yenyewe. Hapa watu wa Maruku wana neema wasiyoitambua: mvua haina chokaa, na maji yaliyokingwa kwenye mabati, baada ya manyunyu ya kwanza kulisafisha paa, ndiyo bora kwa suuzo la mwisho. Ziwani usiende, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezikataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za ufuo.

Basi, kwa haraka: kivulini, boneti ikiwa imepoa. Magurudumu kwanza, kwa ndoo na kitambaa chake. Mwaga maji mengi kabla ya kugusa chochote. Vijidudu vya ziwani vilivyogandamana usoni mwa gari vilaze chini ya kitambaa kilicholowa dakika tano. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, moja ya kusuuzia kitambaa, wala si sabuni ya unga, ambayo ni kali na huila nta. Anza paa, shuka, usizungushe mkono. Suuza, kausha papo hapo kwa taulo la mikrofaiba, ukilikandamiza badala ya kusugua. Likianguka chini, chukua jingine. Doa la zamani la chokaa lipe siki iliyotiwa maji, kisha suuza mara moja. Doa la lami, na hilo peke yake, lipe tone la mafuta ya taa ukipenda, halafu sabuni. Nta kila baada ya miezi mitatu. Fungua milango ufute kingo zake, kisha liendeshe gari kidogo huku ukikanyaga breki mara tatu nne, kwani diski zikilala na maji hushika kutu. Ila upite barabara ya lami, si njia ya migombani.