Tusafishe Khor, Vyura Wabaki
Vijito vingi vya Juba, ambavyo wenyeji huviita khor, hukauka wakati wa kiangazi vikageuka majalala. Mvua za Aprili zianzapo, chupa na mifuko ya plastiki husombwa hadi Mto Naili, ambako malori ya matangi huteka maji ya wananchi. Kipindupindu kilichotangazwa mjini mwezi Juni 2015 hatujakisahau. Basi sisi askari, tushikapo majembe pamoja na raia waliojitolea, twasisitiza mambo mawili. Taka zitolewazo zipakiwe garini siku ile ile, zisirundikwe ukingoni zikasubiri mvua. Na matete yasifyekwe yote, ijapokuwa ufyekaji ndio upendezao macho ya wakaguzi: humo ndimo vyura na kambale hutaga mayai.