Baiskeli ya safari ndefu

Baiskeli ya safari ndefu ni baiskeli iliyoundwa kumbeba mtu na mizigo yake kwa saa nyingi barabarani. Hutumika pia kwenda kazini kila siku. Tofauti na baiskeli ya mashindano, inayotanguliza wepesi, hii hutanguliza uimara na starehe.

Fremu

Tandiko, usukani na hata gia vinaweza kubadilishwa baadaye, lakini fremu isiyofaa haina dawa. Kwa hiyo uchaguzi huanzia hapo. Fremu kubwa mno humlazimisha mwendeshaji kujinyoosha kuufikia usukani, na baada ya saa chache huleta maumivu ya shingo na ganzi mikononi. Urefu wa tandiko hukadiriwa kwa kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande.

Fremu iwe na matundu ya kufungia keria na madigadi, pamoja na nafasi ya tairi pana. Umbali kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya gurudumu la nyuma pia ni muhimu. Katika baiskeli za mashindano ni takriban sentimita 41. Za safari hufikia 45, ili visigino visigonge mifuko iliyoning'inia kwenye keria.

Magurudumu

Tairi za milimita 32 hadi 40 hufyonza mitikisiko vizuri kuliko zile nyembamba. Vipimo vya inchi hupotosha. Baiskeli nyeusi za mizigo zilizozoeleka Afrika Mashariki huitwa za inchi 28, na ringi yake ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa za barabarani zina ringi ya milimita 622, nayo wakati mwingine huitwa ya inchi 28, ingawa tairi zake haziingiliani. Namba ya kuaminika ni ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 37-622: upana, kisha kipenyo cha ringi.

Gia

Kwa milima na mizigo huhitajika gia nyepesi. Ikiwa gia ndogo ya mbele ina meno 26 na kubwa ya nyuma 34, gurudumu huzunguka chini ya mara moja kwa kila mzunguko wa pedali.

Taa

Taa ni za lazima kwa wanaoendesha usiku. Katika Paris–Brest–Paris, safari ya takriban kilomita 1,200 nchini Ufaransa iliyoanza mwaka 1891, muda wa juu ni saa 90, ukijumuisha kulala na kuziba pancha.