Mashini ya CNC ya kujitengenezea: inaweza kusaidia koperative zetu?

Puli ya mashini ya kukuna muhogo ikipasuka wakati wa mavuno, wanamemba wanajua kinachofuata. Kama haipatikani kwenye soko ya Kisangani, inangojewa kutoka Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,700 kwa njia ya mto, ao kutoka Butembo kwa barabara ya Mambasa. Wakati huo muhogo uliokwisha kuchimbwa haungoji: siku mbili ao tatu tu, unaanza kuharibika ndani.

Lakini mafundi wanaoyeyusha aluminiyamu na kumimina sufuria kwenye mchanga wanaweza kumimina puli pia. Shida iko kwenye mfano wa mti unaokandamizwa mchangani. Ukichongwa kwa mkono, mara nyingi hauko mviringo kamili. Puli inatoka na kuyumba, mkanda unaruka na kukatika haraka.

Hapo ndipo mashini ya CNC inaingia. Ni meza yenye mota ndogo tatu: moja inapeleka kisu kinachozunguka mbele na nyuma, moja kushoto na kulia, moja juu na chini. Kompyuta inaziongoza kufuata mchoro. Fundi anaweza kuiunda mwenyewe. Mwaka 2013, kule Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alijulikana kwa kuunda mashini ya kuchapa vitu vya plastiki kwa vipande vya kompyuta na mashini za ofisi zilizotupwa. Mashini yake na CNC zinatembea kwa namna moja.

Kwa kukata mti, fimbo laini za chuma kutoka printa za zamani zinafaa kwa mashini ndogo, lakini mota zake mara nyingi ni dhaifu. Tafuteni zenye nguvu zaidi. Mota ya namna hiyo kwa kawaida inazunguka kwa hatua 200. Ikizungusha fimbo yenye nyuzi, kama bolti ndefu ya milimita 8, mzunguko mmoja unasogeza kisu milimita 1.25. Kwa hiyo hatua moja ni chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Ila nati ikilegea, usahihi huo unapotea. Fremu iwe ya chuma, ao ya mti uliokauka vizuri, kwa sababu unyevu wa kwetu unavimbisha mti na kupinda njia ya kisu.

Mambo matatu ya kuangalia:

Kwanza, umeme. Ukikatika katikati ya kazi, mashini inasahau ilipofikia na kipande kinaweza kuharibika. Betri ao jenereta inahitajika.

Pili, vipimo. Aluminiyamu ikipoa inasinyaa kadiri ya milimita 1.3 kwa kila milimita 100. Puli ya milimita 200 inataka mfano wa karibu milimita 202.6. Ongezeni pia nafasi kidogo pale fundi wa chuma atakapomalizia, zaidi kwenye tundu la katikati.

Tatu, afya. Vumbi ya mti mgumu inaumiza mapafu na macho. Miwani na kitambaa cha pua ni lazima, na kitufe cha kuzimisha mashini kiwe karibu na mkono.

Je, kila koperative inunue vifaa? Hapana. Kwa puli moja, fundi mzuri wa mkono anatosha. CNC inalipa pale koperative nyingi ziko na mashini za aina moja: mchoro unabaki kwenye kompyuta, mfano mmoja wa mti unamimina puli nyingi, na ukivunjika unakatwa mwingine sawasawa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanga makuta, kila koperative ipime vipande vinavyovunjika mara kwa mara, iandike upana, unene na tundu, kisha ilinganishe na jirani. Mkikuta vipande vinafanana, pelekeni orodha hiyo kwa seremala na fundi wa aluminiyamu, mpatane bei pamoja. Fanyeni hivyo wakati wa kulima, mavuno yakute puli ya akiba ndani ya depo.